Lori la Jeshi na Sabuni ya Maawe

Enzi zetu gari halikuwashwa na ufunguo. Liliwashwa na watoto. Nyinyi mliozaliwa miaka yetu, mkalelewa Kishanda, Kimwani au kilima chochote cha Muleba, mnanielewa. Hawa wa leo wanaobonyeza kitufe gari likanguruma kabla hawajafunga mlango, waacheni wacheke. Mimi nawacheka zaidi.

Jina langu ni Mutalemwa, yaani asiyeshindwa, na sijalitia aibu jina hilo. Shule niliiacha darasa la sita, tena katikati ya darasa la sita. Lakini leo simama pale Kashai, Bukoba, uulize nani anajua injini ya dizeli. Hata mwendesha bodaboda aliyeingia mjini jana atakuleta mpaka getini kwangu. Nina gereji, nina malori matatu, nina nyumba ya vigae. Wahandisi wenye vyeti vya kutundika ukutani wananipigia simu, wananiita mzee, wananiuliza kwa sauti ya chini wenzao wasisikie. Nawajibu. Sina roho mbaya. Na wakiniuliza nilisomea wapi, huwaambia nilisomea mvunguni mwa lori moja la jeshi, nikiwa na miaka kumi na moja, na ada yangu ilikuwa kipande cha sabuni.

Lori lenyewe lilikuwa la kijani kilichopauka. Matairi yake yalinifika kidevuni, pua ndefu kama ya nguruwe, na mlangoni namba nyeupe zilizofutika nusu. Vita vililileta, vita vilipokwisha likauzwa mnadani. Aliyelinunua ni Alhaji, mfanyabiashara wa Bukoba mjini ambaye babu yake alitoka Pwani na yeye akazaliwa hapahapa. Kiswahili cha Alhaji kilitiririka. Chetu kilikuwa cha shuleni, tukikisema kama tunasoma ubaoni, na tukikwama tunamalizia kwa Kihaya.

Dereva wa Alhaji alikuwa Tata, baba yangu. Wakati wa vita Tata aliendesha magari ya aina ile, basi Alhaji akamwambia, "Wewe unalijua hili dubwana. Lilale kwako Kishanda. Libebe kahawa na ndizi kuja mjini, na Jumatano liende Kimwani kwenye mahindi." Hapo ndipo baba yangu alipoacha kuwa mtu wa kibanja kidogo anayelimia watu, akawa Dereva. Hata kanisani walimwita hivyo: "Mpisheni Dereva akae." Mama yetu, ambaye sisi tulimwita Maawe, akawa Mama Dereva. Na mimi nikawa mtoto wa Dereva. Wenzangu mnajua hilo lilikuwa na uzito gani. Mtoto wa mwalimu alikuwa na viatu, ndiyo, lakini mtoto wa Dereva alikuwa na harufu ya dizeli kwenye shati, na harufu ile tuliipenda kuliko marashi.

Sasa, baada ya masika ya mwaka mmoja, asubuhi moja lori likagoma. Tata alipiga stata mpaka ikaanza kulia kama mbuzi mwenye njaa, betri ikakata. Akatoka nje, akapiga mluzi, na watoto wa jirani wakaja mbio, wengine na ndizi ya moto mkononi. Tukalisukuma kutoka uwanjani kwetu mpaka pale barabara inapoanza kushuka. Likajiviringisha, Tata akaachia klachi kwenye gia ya pili, moshi mweupe ukatoka, halafu mweusi, halafu ngurumo iliyowatoa ng'ombe wa jirani zizini. Ah! Sijasikia muziki mwingine kama ule. Tukalikimbilia, tukapanda tukiwa kumi na wanne, tukabebwa mpaka njia panda ya shule.

Nani angetaka lipone?

Mwanzo lilitaka kusukumwa siku moja moja. Baadaye mara mbili kwa wiki. Mpaka senene wanaanza kuanguka mwezi wa Novemba, likawa linataka kila asubuhi inayokuja. Na sisi tulikuwepo kila asubuhi inayokuja. Aliyekuwa amiri jeshi wetu ni msichana wa nyumba ya pili, Koku. Alikuwa mwembamba, sauti kama filimbi ya refa, na hakusukuma hata kidogo; kazi yake ilikuwa kuhesabu. "Emo! Ibili! Ishatu!" Ikifika tatu tunasukuma kwa kichwa, kwa bega, kwa mgongo. Asiyesukuma kwa nguvu Koku alimjua kwa kutazama vidole vya miguu yake kama vimechimba udongo.

"Wewe Mutalemwa, vidole vyako vimelala!" anapiga kelele. "Umekula nini, supu ya maji?"

Shule zenu za leo zina mabasi ya njano. Sisi tulikwenda na jembe begani, ufagio kwapani, kibuyu cha maji kichwani na kuni mkononi, na mwalimu wa zamu anatungoja getini na fimbo ya mti wa mbuni. Umande ulitulowesha mpaka mapajani. Sasa fikiria wewe unafika njia panda ukiwa umesimama juu ya lori la jeshi, umeshika bomba la turubai, unawatazama wenzako chini wanavyochemka. Nani angetaka lipone, nauliza tena. Mtoto wa leo mpe simu yenye michezo elfu moja, baada ya saa moja anasema amechoka. Sisi tulikuwa na mchezo mmoja wa tani saba na hatukuchoka nao.

Lori lilikuwa refu, na lango la nyuma lilifungwa kwa mnyororo. Kwa hiyo tulipanda kwa ubavuni. Unaweka mguu wa kwanza juu ya tangi la dizeli, wa pili juu ya kile kibomba kinachotoka kwenye tangi kuelekea kwenye injini, unajivuta, umefika. Kibomba cha shaba, kimekunjwa vizuri kama kiwiko. Ngazi gani nzuri kuliko ile? Kilikuwa kinang'aa kwa nyayo zetu.

Alhaji yeye hakuwa na shida na watoto. Shida yake ilikuwa kahawa inayochelewa. Jumamosi moja alikuja mwenyewe Kishanda asubuhi, akatukuta katikati ya "ishatu". Alisimama na kanzu yake nyeupe, akaishika isiguse matope, akatazama mpaka mwisho. Kisha akamwambia Tata, wala hakugomba, na ndiyo maana ilituingia:

"Bwana Dereva, mimi nilinunua gari. Hili limekuwa jeneza, linataka watu wa kulibeba. Kuna mtu kutoka Mwanza ananunua chuma chakavu. Jumamosi ijayo nakuja naye. Nikilikuta linawaka kwa ufunguo, kwa ufunguo wallahi, si kwa mbio za watoto, tutaendelea. Nikilikuta hivi, analikata hapahapa kwa gesi."

"Waitu Alhaji," Tata akasema kwa neno letu la heshima, kofia mkononi, "injini hii bado ni nzima."

"Basi iambie iseme yenyewe."

Wiki ile Tata hakula vizuri. Siku ya Alhamisi hakulipeleka lori popote, akamwita Fundi Zabroni kutoka Muleba mjini. Zabroni alikuwa mtu mpana mwenye ovaroli moja na imani kubwa. Alikuwa ameshakuja mara tatu kabla: amesafisha chujio, amefungua nozeli zote sita akazipuliza, amebadilisha betri. Safari hii alifungua kile kiskrubu kilicho juu ya chujio la dizeli, akamwambia Tata apige pampu ya mkono. Mnaoijua mnaijua: kidude kidogo ubavuni mwa injini, unakibonyeza kwa kidole gumba, kinavuta dizeli kutoka tangini. Mimi nilikuwa nimeshika spana. Pale kwenye kiskrubu likatoka povu. Povu jeupe, linachemka, kama rubisi, pombe yetu ya ndizi, siku ya pili.

"Upepo," akasema Zabroni.

"Hata juzi ulisema upepo," akasema Tata.

"Na juzi niliutoa."

"Sasa huu umetoka wapi?"

"Upepo ni upepo, Dereva. Uko kila mahali."

Wakautoa upepo, wakapiga stata, lori likawaka vizuri tu. Wakalizima. Wakaliwasha tena, likawaka. Zabroni akafuta mikono akitaka kusifiwa, lakini Tata alitikisa kichwa. "Sasa hivi linawaka. Kesho asubuhi likishalala, haliwaki. Kila siku ndivyo lilivyo."

Zabroni akafikiri, akalitazama lori kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu. "Ringi zimekwisha. Injini imezeeka. Mpe huyo wa Mwanza."

"Injini iliyozeeka haipandi mlima na magunia sabini bila kukohoa."

"Basi ni bomba limetoboka."

"Likitoboka dizeli si itamwagika? Lala chini uangalie. Uone tone moja, nikupe jogoo."

Zabroni akalala chini. Mimi pia nikalala chini. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Hapakuwa na tone.

Mgeni akishafanya kazi, hata kama kazi imemshinda, kwetu haondoki mkavu. Maawe akaleta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kisha Tata akatoa kibuyu cha rubisi na mrija. Zabroni akakaa kwenye kigoda, akauingiza mrija, akavuta. Akavuta tena mashavu yakaingia ndani. Ukasikika mlio, fyuuu, fyuuu.

"Mama Dereva!" akalalamika. "Mmenipa mrija gani huu? Nanyonya, nakunywa upepo mtupu!"

Maawe akauchukua, akauinua kwenye mwanga. "Una ufa, waitu, utuwie radhi. Ufa wenyewe mdogo kama unywele." Akanituma mwingine.

Mimi sikuondoka. Nilisimama na ule mrija mbovu mkononi. Niliutazama kuanzia juu mpaka chini. Ulikuwa umetoka kwenye kibuyu cha rubisi, una ufa, na nje yake hapakuwa na tone hata moja la rubisi. Ulikuwa mkavu. Kwa sababu mtu anapovuta, pombe haitoki kwenye ufa. Upepo ndio unaingia. Na akiacha kuvuta, pombe yote iliyokuwa imepanda inarudi chini kibuyuni.

Jamani. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nywele zilinisimama.

Zabroni, fundi mzima, alikuwa ameketi pale amepewa jibu mdomoni, amelitema na kuomba mrija mwingine. Simcheki marehemu. Nasema tu nani aliliona.

Nilipompelekea mrija mzima nikazunguka nyuma ya lori, nikaingia mvunguni. Nikafuata bomba kutoka kwenye injini kurudi nyuma, kidole changu kikiteleza juu yake, sentimita kwa sentimita, mpaka kwenye tangi. Na pale kwenye kiwiko, karibu na nati, ukucha wangu ukanasa. Ufa. Mdogo kama unywele, kama alivyosema Maawe. Usiku kucha dizeli ilikuwa inarudi tangini, asubuhi stata inavuta upepo.

Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikaona mahali penyewe. Kiwiko kinachong'aa. Ngazi yetu.

Nikakaa mvunguni palepale, furaha yote imeniisha. Tulikuwa tunalisukuma kwa sababu haliwaki, tukilisukuma tunapanda, tukipanda tunakanyaga bomba, tukilikanyaga haliwaki. Kwa miezi mitano tulikuwa tunalimaliza lori la baba yangu kwa nyayo zetu, tukiimba. Na wa kwanza kuigundua ngazi ile, wa kuwafundisha wengine, nilikuwa mimi.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo Tata alikufa bila kulijua. Sikusema siku ileile. Nilitoka mvunguni, nikajipangusa, nikanyamaza. Nikisema, kuna viboko. Nikisema, hakuna tena kupanda. Nikawaza Jumamosi bado iko mbali. Na Ijumaa asubuhi Koku alipohesabu, nilisukuma kama wengine, nikakimbia kama wengine, na kwenye tangi mguu wangu ukaenda palepale. Nilijua ninachokanyaga, nikakikanyaga. Nimejenga nyumba ya vigae, nimeheshimiwa na wengi, lakini ule unyayo wa Ijumaa bado naujua ulivyokuwa.

Ijumaa jioni lori lilirudi mapema. Nikamkuta Tata anakunja lile koti lake la udereva, la kaki, ameshalipiga mswaki. Analikunja polepole kama linalopelekwa mbali. Maawe alikuwa anamfulia shati jeupe la kumpokelea Alhaji. Enzi zile sabuni ilikuwa adimu, mnakumbuka. Tulifua kwa majani ya mpapai, na kipande cha mche mama alikifunga kwenye kitambaa akakificha ndani ya chungu. Tata akamwambia, akidhani mimi sisikii, "Jumatatu nitakwenda kumuuliza jirani kama bado anataka mtu wa kumlimia kahawa."

Maawe aliendelea kusugua kola.

Tata aliposema neno lile sikusikia sauti ya Dereva. Nilisikia ya yule mtu wa zamani mwenye kikohozi na jembe la kuazima. Nikatoka nje. Nilipohakikisha Maawe ameanika shati, nikaingia jikoni, nikatia mkono kwenye chungu, nikatoa kipande cha sabuni kilichobaki, ukubwa wa yai la kuku. Nikachukua manati yangu, manati bora kuliko zote Kishanda, iliyoangusha ndege ambao hesabu yao ukiisikia utasema naongopa. Nikaikata mipira yake yote miwili.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nikaingia mvunguni. Nilisugua sabuni kwenye ufa mpaka ikaingia yote ndani na kufanya kifuniko, kisha nikazungushia mpira wa manati, nikiuvuta kwa meno, raundi baada ya raundi, nikafunga kwa kamba ya mgomba juu yake. Mafundi wa leo wana dawa za kubandika kwenye vichupa. Ngoja chupa iishe ukiwa katikati ya pori la Kimwani, ndipo utaniuliza bei ya sabuni.

Mpango wa Tata wa Jumamosi ulikuwa na ujanja kidogo. Alitaka tulisukume alfajiri, liwake, lipate moto, alizime. Alhaji akija, lingewaka kwa ufunguo kwa kuwa halijapoa. Watoto wote waliitwa. Lakini Alhaji hakuzaliwa juzi. Kabla hata Koku hajasema "emo", gari lake dogo likapanda kilima, yeye na mtu wa Mwanza mwenye mtungi wa gesi nyuma. Akashuka, akatuona tumejipanga matakoni mwa lori, akacheka. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"Baridi," akasema. "Alhamdulillahi, nimewahi. Watoto, rudini nyuma. Bwana Dereva, panda. Piga."

Tata akapanda na shati lake jeupe. Uso wake sitausahau. Wakati huohuo kutoka jikoni Maawe akatoka ameshika kitambaa kitupu: "Nani ameiba sabuni yangu? Nani? Leo mtu atafua kwa ngozi yake!"

Kila mtu akageuka kumtazama. Hapo ndipo nilipopiga kelele, "Tata, usipige stata!"

Nilikuwa nimejua jambo usiku kucha: bomba nilikuwa nimelifunga jioni, lakini dizeli nyingine ilikuwa imesharudi tangini kabla sijalifunga. Betri ile ilikuwa na nguvu ya mara moja. Ikipotelea kuvuta upepo, basi tena.

"Pampu ya mkono kwanza, Tata. Piga mpaka iwe ngumu."

"Haijawahi kuwa ngumu tangu masika," akasema Tata. "Toka hapo, mwana wange."

"Leo itakuwa."

"Kwa nini leo?"

Nikamtazama Alhaji, nikamtazama yule mtu na gesi yake, nikamtazama Koku, ambaye alikuwa ameshaanza kuelewa na kunikunjia uso. "Kwa sababu bomba lilikuwa linakunywa upepo, kama mrija wa Fundi Zabroni. Sisi ndio tulilipasua. Tunalikanyaga tukipanda. Nimeliziba na sabuni ya Maawe."

"Mwongo!" akasema Koku kwa hofu. "Mimi sijawahi kukanyaga!"

"Wewe ndiye mwenye kisigino kikubwa kuliko wote."

Tata akashuka. Hakunipiga. Alifungua boneti, akaweka kidole gumba kwenye pampu, akaanza. Moja, mbili, kumi, ishirini. Ilikuwa laini kama siku zote. Mtu wa Mwanza akaanza kufungua kamba za mtungi wake. Thelathini. Mara mkono wa Tata ukapunguza mwendo. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Akanigeukia macho yamemtoka.

"Inasukumana na mimi," akasema.

Akapanda. Akaweka ufunguo. Stata ikageuka mara mbili, mbili tu nawaambia, na lori likanguruma pale uwanjani, limesimama, bila kusukumwa na mtu. Moshi ukawafunika Alhaji na kanzu yake. Kuku wakaruka. Tata akakanyaga mafuta, akakanyaga tena, analia na kucheka, na Maawe akapiga vigelegele akiwa bado ameshika kitambaa kitupu.

Watoto peke yao ndio hawakufurahi. Walisimama mikono ikining'inia. "Haya," Koku akaniambia, "sasa tutakwenda shule na nini? Na akili zako?" Hakunisemesha mpaka senene wa mwaka uliofuata.

Alhaji alilala chini, na kanzu yake, akatazama kile kiwiko na mipira ya manati. Aliinuka ana udongo mgongoni. "Bwana Dereva, mtoto huyu mpige, halafu umweke mbele."

Tata akafuata maagizo. Viboko vinne kwa ajili ya bomba, nikavipokea nikiwa nimesimama. Kisha akafungua mlango wa kushoto, mlango wa utingo. Nikapanda na makalio yanawaka, nikakaa kiti cha mbele kwa mara ya kwanza maishani, tukashuka mpaka Bukoba. Alhaji akamletea Maawe mche mzima wa sabuni, haujakatwa, ndani ya karatasi yake. Maawe akauweka kabatini mwezi mzima bila kuutumia, watu wakawa wanakuja kuunusa.

Ndiyo shule yangu. Mlango ule wa kushoto sikuuacha tena. Kila nilichonacho Kashai leo kilianza kwenye kiti kile.

Sasa nyakati zimekuja nyingine. Wiki iliyopita kijana mmoja wa gereji yangu, msomi, mpole, nampenda, alichomeka kompyuta yake kwenye basi lililogoma, kompyuta ikamwambia hakuna tatizo. Akaja kuniambia, "Mzee, hakuna tatizo." Nikamuuliza, "Basi linawaka?" Akasema haliwaki. Nikamwambia alale chini afuate bomba kwa kidole. Alilala. Na nitasema ukweli, huyu kijana kidole chake ni kizuri. Atanipita. Asiniambie tu leo.

Lori la kijani lipo. Alhaji alipofariki, watoto wake waliniuzia, na limesimama kwenye uwanja uleule Kishanda. Bomba nimeliweka jipya, na ubavuni nimelichomelea ngazi ya chuma, vipandio vitatu, mbali kabisa na tangi. Mke wangu aliniuliza ngazi ya nini kwenye lori lisilobeba tena mtu. Nikamwambia asubiri.

Krismasi iliyopita wajukuu walikuja wote Kishanda kutoka mijini, kila mmoja ameinamia simu yake kama anayesali. Nilikuwa nimewasimulia habari za kusukuma, wakataka kuona. Nikapanda, nikagusa ufunguo, likawaka mara moja. Mimi ndiye ninayelitunza, lingethubutuje? Nikawatazama nikingoja makofi. Mdogo wao akasema, "Kumbe halina shida yoyote," na kichwa kikarudi kwenye simu.

Nikalizima. Asubuhi yake nikapanda tena, nikashika ufunguo bila kuugeuza, nikatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Nikashuka nikiwa nimevua kofia.

"Limegoma," nikasema. "Sijui tutafanyaje."

Simu ziliwekwa kwenye majani, zote. Wakaja mbio, mmoja ana ndizi ya moto mkononi, wakajipanga nyuma, mabega kwenye chuma. Kutoka mlango wa jikoni mke wangu alinitazama muda mrefu. Anaijua injini ile, ananijua na mimi. Amezeeka vizuri, na ile sauti ya filimbi ya refa haijampotea. Alijifunga kanga vizuri kiunoni, akaja akasimama pembeni, akatazama vidole vya miguu yao kama vimechimba udongo.

"Emo!" akaita Koku.